Chanjo Iliyolazwa Kama Samaki

Wakati wa vita barabara ya Bujumbura ilikuwa haipitiki wiki hadi wiki, kwa hiyo chanjo zetu za kifaduro zilipanda boti. Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati moja Rumonge, kando ya ziwa, na mtu niliyempata wa kuzileta alikuwa mama mmoja muuza samaki, mwenye sauti ya kuita soko zima. Nilimwambia sanduku lisifunguliwe. Akaitikia kwa heshima zote za mtu ambaye hajasikia neno.

Kifaduro kilikuwa kimeshaingia Kizuka, jirani yetu. Watoto walikohoa hadi pumzi ikawakatika, na wachanga ndio waliokuwa wakifa. Siku boti ilipofika, akina mama walikuwa wamejaa uani tangu alfajiri.

Mama samaki akatua sanduku mbele yangu, akalifungua mwenyewe kwa madaha. Chupa za chanjo zilikuwa zimezikwa kwenye barafu iliyotiwa chumvi, zimelazwa safu kwa safu, vichwa upande mmoja, kama samaki wa mukeke wa kupelekwa hotelini.

"Barafu yenu ilikuwa kidogo, muganga," akasema. "Mimi niliongeza. Angalia, hakuna hata moja imeoza."

Nilitaka kulia, nikacheka. Chanjo hii ikiganda imekufa, na chumvi huifanya barafu igandishe zaidi. Zilipoyeyuka nikazitikisa moja baada ya nyingine, nikaziacha mezani. Mabonge yakazama chini, juu yakabaki maji matupu. Mama samaki akachukua moja, akainusa.

"Haina harufu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye muuzaji.

"Mama, zote ni za kutupa."

 Akageukia ukuta, akafungua pindo la kitenge kiunoni, akatoa chupa moja yenye uvuguvugu. Alikuwa ameichomoa njiani.

"Niliwekea mujukuu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Iko yeye tu amenibakia. Niliogopa dawa itaisha mbele hajafikiwa."

Nikaitikisa. Ikabaki nyeupe, haina bonge. Joto la siku moja chanjo ile hulivumilia. Ni barafu ya mapenzi iliyoua zile nyingine. Wizi wake ndio ulikuwa utunzaji bora tulioupata mwezi ule.

Chupa moja ilitosha watoto kumi. Nikawapanga kwa umri, wachanga kwanza, na mjukuu wake wa miezi minne akaangukia nafasi ya kumi na mbili. Mama samaki akahesabu vichwa kwa kidole, akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Niliona aibu kumtazama.

"Anza, muganga," akasema. "Wale ni wadogo zaidi."

Nikaanza. Yeye ndiye aliyenishikia miguu ya watoto wote kumi. Mchana boti iliporudi Bujumbura alikuwemo, hana samaki hata mmoja wa kuuza, mjukuu amemwacha kwangu. Siku ya tatu akarudi amelikalia sanduku jipya la chanjo, na abiria wote walikuwa wameshatukanwa kwa kulisogelea. Mjukuu alipochomwa sindano alilia sana, lakini bibi yake alimshinda.