Taa Tatu Juu ya Mpunga wa Mama

Nilizibandika taa zile kwenye droni yangu, mezani kwangu Nsemulwa, mjini, mchana kweupe, mlango nimeufunga ili jirani asiingie kuniuliza natengeneza nini tena. Zilikuwa taa ndogo za kuwaka na kuzima, kila moja ukubwa wa kifuniko cha soda. Nyekundu upande wa kushoto wa droni, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Usiku huioni droni yenyewe, unaona taa tu, na kwa rangi zake unajua imekupa uso au imekupa mgongo. Usipojua hilo, utadhani unairudisha kwako kumbe unaipeleka porini.

Kazi inaonekana ya kitoto, lakini ilinipandisha hasira siku nzima. Taa ikikaa mbele sana, kamera inaona weupe mtupu kila inapomulika. Ikikaa upande mmoja bila mwenzake, droni inalegea bega kama mtu aliyebeba ndoo moja. Gundi nayo ikipata joto inateleza. Mwishowe nilitumia vile vitambaa vya kunatana vinavyofungia viatu vya watoto, nikazungushia utepe mweusi, nikaitikisa droni kwa nguvu zangu zote, nikaona zimeshika.

Kazi inayonilisha ni kupiga picha za harusi na kipaimara kutoka juu. Taa hizi hazikuwa za harusi. Zilikuwa za kumshusha mama yangu dunguni.

Mama analima mpunga Kasansa, shamba la mwisho kabisa kwenye kona ya bonde, baada yake ni pori la hifadhi. Tangu baba afariki, mpunga ukianza kuinamisha vichwa mama anahamia dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, anakesha humo tembo wasiingie shambani. Msimu uliopita aliteleza kwenye ngazi akaumia nyonga, na mpaka leo akitaka kuinuka lazima ashike kitu kwanza. Sisi watoto wake tulibembeleza, tukanuna, tukamtuma mpaka paroko. Alitujibu kwamba paroko naye anakula wali.

Nilikuwa nimesikia kwamba tembo hawapendi sauti ya nyuki, na droni inavuma kama mzinga uliochokozwa. Nikafuatilia kibali cha kurusha usiku, nikaahidi kwamba sitavuka mpaka wa hifadhi na kwamba taa zitaonekana kwa mbali. Nikawaambia wateja wangu kwamba sitarudi mjini mpaka mavuno. Nikapanda basi, tukapita porini madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o, droni nimeipakata kama mtoto.

"Hiyo ndiyo inayokuja kunifukuza dunguni?" mama aliuliza, hata shikamoo yangu hajaimaliza kuiitikia.

"Inakuja kukusaidia, mama."

"Usiku vinaruka vitu viwili tu, mwanangu. Popo na wachawi. Wewe utakuwa upande gani?"

Jioni ile tulikula ugali na perege, mama akapanda dunguni kwa shida, ngazi moja baada ya nyingine, mimi nikiwa chini nimenyoosha mikono kana kwamba ningeweza kumdaka. Giza lilipokamilika nilisimama kwenye tuta, nikairusha. Hakukuwa na tembo wala dalili ya tembo. Nilitaka mama aone tu. Taa zikapanda juu ya mpunga, nyekundu, kijani, nyeupe, zikiwaka na kuzima, na mimi nikajisikia fahari ambayo hakuna harusi iliyowahi kunipa.

Hapo ndipo bonde zima lilipoamka. Nilisikia debe likipigwa upande wa mashariki, halafu jingine, halafu mayowe. Tochi zikaanza kukimbia kutoka kila shamba kuja kwetu, watu wakikanyaga majaruba, maji yakiruka. Wa kwanza kufika alikuwa katekista, jirani yetu wa shamba la pili, debe mkononi na tonge bado liko mdomoni.

"Wako wapi?"

"Kina nani?"

"Tembo! Nyie si mmeita?"

Nikaishusha droni haraka. Juu dunguni mama alikuwa anacheka mpaka nguzo zinalia. Aliponyamaza ndipo aliponieleza, mbele ya watu wote waliokuwa wamesimama pale na matope mpaka magotini. Zamani nilipokuwa nakua, tuliitana kwa madebe na kelele tu. Tochi ziliingia nikiwa nimeshahamia mjini, na walinzi wa mashamba wakatengeneza lugha yao. Tochi ikitulia, mlinzi yuko macho na hakuna neno. Tochi ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, tembo wameingia, kila mtu aache alilonalo aje. Na mimi nilikuwa nimeuwasha na kuuzima mwito huo angani, kwa rangi tatu, ukaonekana bonde zima.

"Umenitoa kwenye ugali, dada," katekista alisema. "Na mboga nimemwachia mbwa."

Niliona aibu, nikaomba radhi. Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika. Lakini mama hakuwa anacheka tena.

"Umeona walivyokuja?" aliniuliza kutoka juu. "Mimi nikiita wanakuja. Wao wakiita naenda. Mwaka mzima huu wa nyonga nimekwenda, hata kama nafika wa mwisho. Sasa wewe unaniambia nikalale ndani. Wakiita, kona hii itaitikia nini?"

Miaka yote ile tulidhani ni ubishi wa mtu mzima. Kumbe alikuwa anaogopa wenzake waite na upande wake ubaki giza. Iliniuma kwamba sikuwahi kumuuliza.

Katekista, aliyekuwa hajaenda mbali, akarudi. Akasema nizifanye taa zangu zitulie. Nikamwambia haiwezekani, kibali kinataka zimulike hivyo, na zikitulia kwa mbali unazichanganya na nyota. Akanitazama kama nimemtukana. Tukabishana pale tutani, mbu wakitula, mpaka mama akachoka kutusikiliza.

"Basi sisi tubadilike," alisema. "Anayeita azungushe tochi. Duara kubwa. Za kuwaka na kuzima tumwachie huyu na taa zake za disko."

Jumapili katekista alilitangaza baada ya misa, kati ya mazoezi ya kwaya na ndoa mbili zinazotarajiwa. Alizungusha mkono mbele ya altare waumini waone, na waumini nao wakazungusha yao.

Siku chache zikapita kimya. Halafu jioni moja, moto wa jikoni bado haujazimwa, tochi ikazunguka upande wa katekista. Duara kubwa, la haraka. Mama alikuwa dunguni. Nikamsikia akitafuta ngazi kwa mguu.

"Mama, subiri!"

"Wameita!"

Niliirusha droni. Taa zikaondoka kwenye kona yetu, nikazifuata kwa macho, nyeupe ikinionyesha kwamba imenipa mgongo na inakwenda sawasawa. Kwenye kioo cha rimoti niliyoishika niliwaona, vivuli vikubwa vitano au sita kwenye ukingo wa mpunga wa katekista. Nikaishusha kidogo, ikavuma. Yule wa mbele akasimama, akatanua masikio, akarudi nyuma hatua, na wenzake wakageuka. Nilikaa nyuma yao, bila haraka, mpaka wakaingia porini, nikaishia mpakani kama nilivyoahidi. Hakuna jaruba lililokanyagwa. Nililia, na makamasi yakanitoka, wala sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Mama alikuwa amesimama katikati ya ngazi, uso ameuelekeza kule taa zilikokuwa zinarudi.

Sauti ya katekista ikaja juu ya mpunga. Hakuniita mimi.

"Mama wa kona! Asante! Tumekuona umefika!"

Wengine wakapokea, shamba kwa shamba, asante mama, tumekuona. Mama alishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Haya!" akaita hatimaye, kwa sauti ya msichana. "Mlale salama!"

Kisha akanyoosha mkono mmoja kwangu, nikamshusha vipande vya ngazi vilivyobaki. Akazima tochi yake, akaniachia shamba, akaenda kulala kitandani kwake.