Mistari Kumi na Moja Bila Nukta

Mwanafunzi wangu alifungwa kwa sababu ya mistari kumi na moja.

Hakuiba. Hakupiga mtu. Aliandika tu.

Na mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.

Naitwa Chadia. Wazee wangu ni wafanyabiashara wa Uvira, lakini mimi nimekulia Bukavu. Mwaka 2023 nilikuwa nafundisha masomo ya wakubwa kule Kasha, kwenye salle, ukumbi wa association moja ndogo. Wanafunzi kumi na nne, wote wamama. Walikuwa wanasoma kama mtoto wa miaka saba: kidole chini ya neno, midomo inatembea, jasho puani.

Aliyekuwa moto kuliko wote ni Maman Akonkwa. Jina lake mwenyewe Séraphine, ila sisi tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Miaka arobaini na tatu. Asubuhi alifua na kupiga pasi nyumbani kwa Madame Tatiana, kule Nguba. Saa saba anatoka, saa nane kamili yuko kwangu, benchi la mbele.

Siku moja nilimwambia coordinateur wetu, Papa Placide, kwamba nataka kuwafundisha aya, yaani paragrafe. Na yale maneno ya wakati: kabla, wakati, kisha, baada ya.

Alicheka.

"Chadia, hawa biko na niveau ya watoto wa deuxième primaire, darasa la pili. Sentensi moja inatosha. Paragrafe wataandikia nani, ministre?"

Nikamfuata. Nikaingia darasani nikasema: "Wamama, andikeni tu. Msihangaike na nukta."

Hayo maneno nimeyajutia mpaka leo.

Jumanne moja nafika darasani, benchi la mbele liko wazi. Nikauliza. Maman Nyota, anayekaa naye, akainamisha kichwa.

"Madame, Maman Akonkwa iko mu cachot ya polisi tangu jana. Banasema alichoma nyumba ya patronne wake, Madame Tatiana."

Sikufundisha siku ile. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikashuka mpaka poste ya polisi.

OPJ, yaani afisa wa upelelezi, aliyekuwa na dossier ya kesi hii aliitwa Guylain. Si mtu mbaya. Mtu aliyechoka tu, meza imejaa karatasi. Akanieleza: salon, yaani sebule, na chumba kimoja vimeungua. Hakuna aliyekufa. Madame Tatiana anasema Jumamosi alitoka nyumbani mapema, akamwacha mfanyakazi wake, Maman Akonkwa, anapiga pasi. Courant, yaani umeme, ikakatika, mfanyakazi akaenda zake bila kuchomoa pasi. Courant iliporudi, moto.

"Na yeye mwenyewe amekubali," akasema.

"Amekubali wapi?"

Akanisukumia karatasi. "Nilitaka nimwandikie. Akakataa. Eti yeye anajua kuandika."

Niliujua ule mwandiko. Herufi kubwa, za duara, ambazo nilikuwa nazisifu mbele ya darasa zima. Mistari kumi na moja, donge moja, hakuna hata nukta:

*mi sijue kintu nyumba iliungua nilipiga pasi nguo za madame courant ilikatika nilienda masomo pasi niliacha madame alisema acha iko na blouse nilitoa ku courant...*

Na kuendelea hivyo mpaka chini. OPJ alikuwa amepiga wino mwekundu chini ya maneno haya: *courant ilikatika nilienda masomo pasi niliacha.*

Karatasi ile unaweza kuisoma namna nne. Namna moja inampeleka prison. Na ndiyo hiyo iliyochaguliwa.

"Mwacheni aandike tena," nikasema.

"Madame, maneno ya pili ni maneno ya kufundishwa."

"Basi aandike mbele yako. Mimi niwe nje. Nisipumue hata."

Akahesabu siku kwa vidole. "Ijumaa asubuhi dossier inapanda parquet, kwa mwendesha mashtaka. Alhamisi saa sita nitampa karatasi. Mara moja tu."

Nilikuwa na siku mbili, Jumatano na Alhamisi, saa ya kumpelekea chakula.

Jumatano nikampelekea bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Walimtoa nje kiwanjani, tukakaa juu ya tofali. Alikuwa amekasirika, wala halii.

"Niliandika vyote, Madame! Vyote biko pale!"

"Biko pale, Maman. Lakini umeviweka vyote mu chumba moja. Kitanda, makala ya jiko, kuku, sahani. Mugeni akiingia, anakanyaga kuku."

Akacheka bila kutaka.

"Sasa sikia. Ukihama mahali, hama na mustari. Uko Nguba, iyo ni chumba ya kwanza. Ukitoka Nguba, unaacha nafasi, unafungua chumba ingine. Na ku mulango wa kila chumba unaweka neno ya wakati. Ni nini ilitangulia?"

"Nilitoa pasi ku courant."

"Ulitoa mbele ya kutoka ao nyuma?"

"Mbele! Mbele kabisa!"

"Basi iyo neno ni *kabla*. Kabla ya kutoka. Andika mu vumbi."

Akaandika kwa kidole. Polisi aliyekuwa mlangoni akasogea kuangalia.

Niliporudi Kasha, Papa Placide alikuwa ananisubiri.

"Nasikia unashinda polisi. Association yetu haina mambo na polisi. Ukirudi kule kesho, hapa usirudi."

"Papa Placide, wewe ulisema sentensi moja inatosha. Njoo umwambie yeye."

"Nimesema."

"Na mimi nimesikia."

Kesho yake nikarudi polisi. Safari hii nilibeba daftari. Maman Akonkwa alikula haraka, kisha akanirudishia somo lote bila mimi kuuliza: kabla, wakati, kisha, baada ya. Alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha kichwani, anasema, ju mu cachot hakuna kazi ingine.

Saa sita OPJ akamwita ndani. Mimi nikabaki nje kwenye benchi. Saa nzima. Nasikia tu kiti kinalia na OPJ anakohoa.

Mlango ukafunguka. "Madame, ingia."

Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama vile naye anatumia kidole.

*Siku ya Jumamosi asubuhi nilipiga pasi nguo za Madame Tatiana. Kabla ya kutoka, nilitoa pasi ku courant.*

*Kisha madame alisema, acha iyo pasi, niko na blouse ya kwenda nayo ku mariage. Aliichomeka yeye mwenyewe. Mi nilitoka saa saba.*

*Wakati courant ilikatika, nilikuwa mu masomo Kasha. Madame Chadia alisema tusogeze mabenchi ku dirisha. Tulisogeza.*

*Baada ya masomo nilienda kwangu. Moto nilisikia kesho yake.*

Nne. Aya nne, nafasi safi katikati. Kila moja na nukta zake.

Lakini siyo hilo lililonishtua. Ni aya ya tatu.

Mabenchi! Jumamosi ile nilikuwa naandika ubaoni, salle ikawa giza, nikasema tusogee dirishani. Kwetu courant inakatika kila siku, nani anakumbuka? Nilikuwa nimezunguka siku tatu natafuta namna ya kumwokoa, kumbe shahidi ni mimi. Mimi na wamama kumi na watatu. Lile donge la kwanza lilikuwa limeificha Kasha ndani ya Nguba.

"Aliingia darasani saa nane kamili," nikasema. "Register ya mahudhurio iko. Courant ilikatika yuko mbele yangu."

OPJ aliweka karatasi mezani.

"Jumamosi," akasema kama anajiongelea mwenyewe. "Nilikuwa napiga PV, ripoti ya polisi, hapa. Ordinateur, hii kompyuta, ilizimika. Saa nane na nusu. Muji muzima." Akafungua tena maelezo ya Madame Tatiana. "Kama ilikatika saa nane na nusu, na huyu yuko Kasha, nani alikuwa na pasi saa ile?"

Madame Tatiana aliitwa saa tisa. Alikuja na miwani myeusi. OPJ hakumpigia kelele. Alimwomba tu aeleze Jumamosi yake, mwanzo mpaka mwisho, kwa saa.

Alifika kwenye blouse akakwama.

Kisha akaanza kulia. Alikuwa anaipiga pasi wakati courant ilipokatika. Akaivaa na mikunjo yake, akakimbilia mariage, ile arusi, bila kuchomoa pasi. Aliogopa mume wake. Na mfanyakazi, alisema, ni nani angemwamini mfanyakazi?

OPJ akamgeukia mwanafunzi wangu. "Maman, uko huru. Pole. Enda nyumbani."

Maman Akonkwa hakusimama.

"Maman, umesikia?"

"Nimesikia. Ile karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Iko mu dossier. Haina kazi tena."

"Iko na signature yangu. Siwezi toka niache jina yangu chini ya maneno ya uongo. Piga mustari. Andika ku pembeni: imebadilishwa. Tia tarehe."

"Maman, nimesema uko huru..."

"Niko huru ya kubakia pia."

Akakunja mikono. Madame Tatiana analia, OPJ anaangalia dari, mimi nataka kucheka naogopa. Tukakaa hivyo dakika kumi nzuri.

OPJ akatoa kalamu. Akapiga mstari. Akaandika. Akatia tarehe.

Maman Akonkwa akaisoma yote, kidole chini ya neno, midomo inatembea. Akamrudishia.

"Tarehe umesahau mwaka."

Akaweka mwaka.

Tulipanda mpaka Kasha kwa mguu, hatukutaka moto. Njiani aliniambia Madame Tatiana amemshika mkono pale nje, akimwomba arudi kazini.

"Ulimujibu nini?"

"Nilimwambia apige pasi yeye mwenyewe, anajua."

Papa Placide alishika neno lake. Salle nilinyang'anywa Ijumaa ile ile. Sasa tunasomea kwenye parcelle, uwanja wa nyumba ya Maman Nyota, chini ya bâche, turubai la plastiki, mvua ikinyesha tunakaa jikoni. Walikuwa kumi na nne, leo ni ishirini na wawili. Somo la kwanza, kabla hata ya alfabeti kuisha, ni *kabla* na *baada ya*.

Walimu wenzangu, asiwadanganye mtu kwamba anayesoma polepole anastahili kufundishwa nusu. Asiyejua kupanga maneno yake, mwingine atampangia. Na huyo mwingine atayapanga anavyotaka yeye.