Nilitaka credit card ya pointi za ndege ili mama asafiri bure kutoka Tabora, swali moja la mama likanizindua

Wakuu, nawasalimu kutoka Tabora.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe mwaka huu, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha zilivyo. Mtanicheka, lakini someni hadi mwisho, huenda kuna mtu humu anakaribia kusaini fomu kama niliyotaka kusaini mimi.

Kwanza mnijue kidogo. Nadizaini lebo na vifungashio, hasa vya wauza asali wa Sikonge. Sikusomea, nilijifundisha kwenye simu, baadaye kwenye kompyuta ya mtumba.

Kwa kuwa sikusomea, kila kitu nakikagua mara tano. Naweza kusogeza picha ya nyuki kushoto na kulia asubuhi nzima, halafu nikairudisha pale pale ilipokuwa. Ndivyo nilivyo.

Sasa twende kwenye kisa.

Dada yangu Mwajuma ameolewa Dar na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu binti akijifungua, mama yake anakwenda kumkanda kwa maji ya moto, anampikia uji na kukaa naye hadi arobaini. Mama asipoonekana, watu wanaanza kuuliza kuna ugomvi gani.

Tatizo lilikuwa mgongo wa mama. Daktari wa hospitali ya Kitete alimwambia asikae kitako muda mrefu, na basi la kwenda Dar ni kukaa kitako kutwa nzima. Yeye alisema atapanda treni, atajinyoosha. Mimi nikajitutumua mbele ya dada: "Mama atakuja kwa ndege. Niachieni mimi."

Nikaachiwa.

Wiki ile ile nilikwenda benki kufuatilia malipo ya mteja. Dada wa dawatini, mchangamfu sana, akanionyesha kipeperushi cha credit card. Ukilipia vitu kwa kadi unapata pointi, pointi zinageuka tiketi. Halafu kuna pointi za kujiunga, unapewa zote kwa mkupuo ukifikisha matumizi fulani ndani ya miezi mitatu.

"Kaka, wengine wanasafiri bure kabisa," aliniambia.

Wakuu, neno bure likaniingia hadi kwenye mifupa.

Nikaenda nyumbani nikafungua excel. Faili nililiita "Safari ya mama". Likaja "Safari ya mama 2". Nilipofika la saba nilikuwa nimeweka rangi. Kijani faida, nyekundu hasara, na njano kwa vitu nisivyovielewa. Njano ilikuwa nyingi.

Nilipiga hesabu ya ada ya mwaka, thamani ya pointi moja, begi la ziada unaloruhusiwa, hadi chai unayokunywa bure kwenye chumba cha kupumzikia abiria. Nilimwandikia dada wa benki barua pepe yenye maswali kumi na manne. Alinijibu mawili, akamalizia na "karibu sana".

Wiki tatu zikapita hivyo. Mwajuma anapiga simu, "Tiketi imeshapatikana?" Mimi namjibu, "Nalishughulikia." Na kweli nilikuwa nalishughulikia, ila nilikuwa sijasogea hata hatua moja.

Kilichonipa wasiwasi wa kwanza ni yale matumizi ya miezi mitatu. Nikajiuliza, mimi natumia hela wapi?

Nikaamua kufanya majaribio. Wiki nzima, kila nilipotaka kulipa, nauliza kwanza kama wanapokea kadi. Muuza ndoo na chupa sokoni akanitazama kama nimemuuliza kama anauza tembo. Mama wa chapati aliita wenzake waje wasikie. Fundi wa printa alisema anayo mashine ya kadi, ila imeharibika tangu aiweke.

Mzee Kasele ndiye anayeniletea asali kutoka Sikonge, nampelekea wateja. Naye nikamuuliza.

"Shikamoo mzee. Hivi mtu akitaka kukulipa kwa kadi, unapokea?"

"Marahaba. Nipokee kadi, halafu yeye abaki na nini?"

"Hapana, kadi anabaki nayo. Anaipitisha tu kwenye mashine."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kadi anaondoka nayo, na asali anaondoka nayo."

"Hela inakuja benki."

"Basi na asali ataikuta benki."

Nikarudi kwenye excel, nikaandika: Mzee Kasele, hapokei. Nyekundu.

Hata hivyo sikukata tamaa. Nilikuwa nalipia programu na matangazo ya mtandaoni, nikaona nikibana nafikisha yale matumizi. Kwa kuwa sina mshahara, benki ilitaka niweke kiasi fulani kama dhamana. Nikakikusanya, nikakiweka pembeni. Fomu nikaijaza kwa penseli kwanza, ili nisikosee.

Kabla ya kuipeleka nikaona nimweleze mama. Ni safari yake. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikafungua laptop juu ya kigoda, nikamwonyesha rangi zote.

Mama alisikiliza vizuri, hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza:

"Ina riba?"

"Ukilipa kabla ya siku waliyopanga hakuna riba, mama."

"Na usipolipa?"

Nikamwonyesha mstari wa riba. Ulikuwa mwekundu.

"Basi ipo," akasema. "Imekaa inasubiri."

Akaendelea na mchele. Nikaanza kueleza kwamba mimi sichelewi, kwamba nitaweka kengele kwenye simu, kengele tatu. Akanyanyua mkono.

"Nimekusikia, baba. Na hiyo ndege ya pointi, inatua hapa kwetu?"

Nikacheka. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe orodha ya miji wanayokwenda, ndefu kweli.

Nikaifungua. Nikashuka hadi herufi T. Kuna miji ambayo sijawahi kuisikia maishani. Tabora hakuna.

Nikashuka tena taratibu, labda nimeruka. Nikatafuta makampuni wanayoshirikiana nayo. Ile inayotua hapa kwetu haimo.

Wakuu, ilikuwa ndege ya nje. Kwa Tanzania inatua Dar, inaondoka zake. Yaani ili mama atumie tiketi yangu ya bure kwenda Dar, ilibidi kwanza afike Dar.

Mafaili saba, rangi tatu, maswali kumi na manne. La msingi sikuuliza. Niliona neno ndege nikadhani ndege ni ndege.

Mama hakucheka palepale. Alisubiri nifunge laptop, ndipo akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikacheka hadi nikakaa chini. Mji huu zamani watu walikuwa wanatoka kwa miguu, mzigo kichwani, wanafika pwani. Mimi na kompyuta yangu nimeshindwa kumtoa mama mmoja.

Kicheko kikaisha nikaogopa. Dada alikuwa amebakiza wiki mbili kwa hesabu za kliniki. Nikaingia mtandaoni kutafuta tiketi ya kawaida, ya ndege hii inayotua hapa. Ile niliyokuwa naiona tangu mwanzo, nikiilinganisha na pointi, imejaa. Wiki iliyofuata imejaa. Siti moja tu ilikuwa imebaki, ya Alhamisi ya wiki ile ile, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi ninayechagua aina ya maandishi kwa siku nne nilikuwa na dakika chache za kuamua. Jina la mama nililisoma mara tisa nikilinganisha na kitambulisho. Halafu nikalipa kwa simu, kwa ile hela ya dhamana. Bei ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza nilipoiona, hilo nakiri. Uchambuzi wangu ndio ulioipandisha.

Uwanjani nilifika nimejiandaa. Asali ya mzazi nimeifunga kwenye makopo, nimeyaviringisha na kanga, ndani ya sanduku linalokwenda chini. Nilijua sheria za mizigo kuliko wenyewe. Nisichojua ni kwamba mama alikuwa na chupa nyingine kwenye mkoba.

Askari akaitoa. "Mama, shikamoo. Hii haiwezi kupanda nawe juu."

"Marahaba mwanangu. Ni ya mzazi hiyo."

"Naelewa mama, ila haipandi."

"Basi mpe yule pale," akaninyooshea kidole, "ndiye anayejua mambo ya ndege."

Nikarudi nyumbani na chupa.

Mchana simu ikaita. "Nimefika. Mgongo mzima. Mbona karibu hivi, hata tasbihi sijamaliza."

Jumamosi asubuhi dada akajifungua mtoto wa kike, mapema kuliko hesabu za kliniki. Mama alikuwepo. Ningesubiri pointi, mtoto angekuwa anatembea.

Sasa hukumu yangu kuhusu kadi, maana najua kuna wanaosubiri hilo tu. Sisemi ni utapeli. Kama unaishi Dar, unasafiri nje mara kwa mara, unakonunua wanapokea kadi, na unalipa deni lote kila mwezi, chukua, itakufaa. Kwangu mimi ingekuwa kipande cha plastiki kwenye waleti na riba iliyokaa inasubiri.

Nilichojifunza ni kuanza na swali la kijinga. Kabla ya kuuliza pointi ina thamani gani, uliza ndege inatua wapi. Na kuna wakati kuchambua sana ni woga tu uliovaa miwani.

Fomu ya penseli bado ninayo. Nyuma yake nimeanza kuchora lebo ya Mzee Kasele.

Karibuni mchangie, hasa mlio mikoani na mnazo hizi kadi, mnazitumiaje? Na kama kuna anayejua yenye ndege inayotua Tabora, aniambie polepole jamani. Excel ninayo bado.