Mgeni Kitandani kwa Mama

Juzi nilipita nje ya hospitali pale Malindi nikaona familia inapanda tuktuk. Mama amebeba kichanga kwenye shali, shangazi amebeba beseni na chupa ya chai, wote wanacheka. Nyuma yao amesimama kijitoto cha kike, mdomo ameuvuta hadi huku, na hakuna anayemtazama. Mwenzangu, nilicheka peke yangu njiani, maana mdomo ule naujua. Niliwahi kuwa nao.

Kwetu Mambrui tulikuwa Bibi, Mama na mimi. Baba alifanya kazi chumvini Marereni, akija mwisho wa mwezi. Kwa hivyo kitanda cha Mama kilikuwa changu. Nililala nimeshika ncha ya leso yake, na asubuhi mto ulinukia asumini zilizonyauka.

Mama alipokwenda hospitali, Bibi aliniambia Mama ataniletea zawadi. Nikasubiri viatu. Teksi iliporudi, zawadi yenyewe ilikuwa nyekundu, ina makunyanzi na inapiga kelele. Bibi akapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nami mwenyeji, jioni ile ile nikahamishiwa mkekani chumbani kwa Bibi, ambaye alikoroma.

Ikaanza arobaini ya uzazi. Uji wa pilipili manga ulikuwa wa Mama. Mchuzi wa kuku wa kienyeji, wa Mama. Maji ya moto ya kukandwa, mkaja wa kufunga tumbo, udi kwenye chetezo, vyote vya Mama, na Mama mwenyewe alikuwa wa yule. Changu kilikuwa kuanika nepi na kukuna nazi. Bibi alimpaka mtoto wanja kipajini kumkinga na jicho baya la wageni. Hakujua kwamba jicho lenyewe limo humo humo ndani, limekaa juu ya mbuzi linakuna nazi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi kinyemi sikukiona.

Jirani yetu, mwanamke mcheshi, kila akija kumtazama mtoto aliingia na utani wake: "Nipeni mwana huyu nende nae kwangu, nyinyi hamumtaki." Wakubwa walicheka. Mimi nilimwamini. Siku moja nikachukua kikapu, nikatia nepi zote, poda na kikofia chake, nikamwekea jirani miguuni.

"Shikamoo, mama. Vitu vyake ni hivi. Mchukue sasa, kabla hajalia."

Walicheka mpaka Mama akajishika tumbo kwa maumivu. Jirani alijifuta machozi, akaniinamia. "Haya mwanangu, nimekubali. Lakini atanyonya kwa nani? Itabidi mamake nae nende nae."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilirudisha zile nepi moja moja mahali pake huku nikilia kwa hasira. Nilijua sasa kuwa hakuna namna yeye angetoka Mama akabaki.

Wivu ule haukuisha, ulizoeleka tu. Ndugu yangu leo ni mtu mzima mwenye kitambi, nampenda, lakini nikimsikia akiwaambia watu "mama yangu" hivi na vile, moyo hunichoma kidogo. Wako tangu lini?

Bibi alitangulia, kisha Baba, kisha Mama. Nyumba ilibomolewa, pamesimama ya ghorofa. Jirani naye hayupo. Tukikaa mimi na ndugu yangu tunakumbushana, naye ana mengi: Mama wa miwani, Mama akigombana na wauza samaki. Lakini Mama wa kabla yake hamjui. Kuna wimbo alioniimbia kitandani tukiwa wawili tu, na maneno yake yameanza kunipotea. Hakuna wa kumuuliza. Nilitaka sana Mama yule awe wangu peke yangu. Sasa ni wangu peke yangu.