Jua la Katonga

Mimi nimezaliwa Tanga, ambako jua linatokea baharini. Nalisema hilo mapema ili ujue ujinga wangu ulianzia wapi.

Wiki yangu ya kwanza ya kufundisha historia na jiografia hapa Kigoma, mvua ilinyesha kutwa kucha, jua sikuliona hata kidogo. Nikawasimamisha Darasa la Tatu kwenye madirisha ya upande wa ziwa, nikatamka kwa sauti ya mtu mwenye cheti kipya: "Ukitazama majini, mbele yako ni mashariki." Wakaandika wote. Nikasahihisha madaftari na kugawa vema nyekundu kama pipi. Jumatatu iliyofuata kungekuwa na jaribio la shule zote za kata, na maswali ya dira hayakosekani.

Ijumaa jioni mama wa mwanafunzi wangu mmoja, anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, alinifuata nyumbani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaulizia wazazi wangu, akailalamikia mvua, ndipo akasema, "Mwalimu, kesho nikipata dagaa nitazidiwa. Njoo asubuhi unisaidie kuanika."

Nilichukia, nisiseme uongo. Mwalimu mzima nikaanike dagaa? Ila nilikuwa mgeni, nikaona haya kukataa.

Kulikucha mbingu nyeupe. Alinisimamisha nikitazama ziwa, ndoo miguuni, nitandaze dagaa juu ya nyavu kuukuu. Baada ya muda mgongo ukaanza kupata joto. Nikaona kivuli changu mbele yangu, kirefu, kichwa kimeshafika majini. Nikageuka. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yangu, juu ya vilima.

Nikamtazama yule mama. Alikuwa ameinama anachambua dagaa, utadhani hajaona kitu. Angeweza kulipeleka daftari la mwanawe kwa mwalimu mkuu, na mimi ningeaibika mbele ya wenzangu wote. Hakufanya hivyo. Nikamwambia, "Asante, mama."

"Asante ya nini tena? Si mimi niliyesaidiwa?" Akanifungia dagaa kwenye mfuko. Mpaka leo namshukuru, na sijapata namna ya kumlipa.

Jumatatu, kabla ya jaribio, niliwatoa watoto uwanjani nikawaambia wazi kwamba niliwafundisha makosa: jua linatoka vilimani, ziwa liko magharibi. Binti wa yule mama akanyoosha kidole.

"Tulijua, Mwalimu."

"Kila siku mnaliona?"

"Kila siku. Tunaanika."

"Sasa mbona mliandika nilivyosema?"

Akawatazama wenzake, akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mtoto: "Tulifikiri jua la shuleni ni lingine."

Swali la dira lilikuja, na wakalipata wote. Tangu siku hiyo sishiki chaki kabla sijawauliza wao wanajua nini.