Upande Wangu wa Sinia

Nilifika Maskati nikiwa na uchovu wa miaka, si wa siku. Safari yangu ilianzia Tanga nilipomaliza kidato cha nne, na haikunyooka. Nilikaa Arusha nikiosha magari ya watalii. Nikashuka Mtwara, nikavuka Ruvuma, nikaishi Nampula miaka minne. Nikarudi, nikawa utingo wa lori mpaka Lubumbashi. Mwisho nikapata mkataba wa udereva, nikapanda ndege mbili mpaka Omani, umri umeshapita arobaini.

Kila mji niliuweka tumboni. Ukinitajia Nampula sikumbuki mitaa, nakumbuka kuku wa kuchoma mwenye pilipili na nazi. Lubumbashi ni sombe, kisamvu cha Wakongo. Tanga ni muhogo wa nazi wa mama yangu, ule wa sufuria iliyoungua kidogo chini. Nilikuwa mnene na mcheshi. Nasema haya mwanzo ili msomaji ajue kwamba ugonjwa ninaousimulia haukumpata mtu asiyependa kula.

Niliajiriwa mtaa wa Azaiba, nyumbani kwa Bibi Zuwena, mjane aliyezaliwa Unguja akaja Omani msichana. Kazi ilikuwa kumpeleka sokoni, hospitali na kwa watoto wake. Katika mwaka wa pili, daktari wa zahanati aliniambia sukari inaninyemelea, nipunguze wali na soda. Nikapunguza. Ramadhani ikaingia, nikafunga kama wengine. Ilipokwisha nikaendelea: sita za Shawali, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha siku zisizo na jina.

Watu walinisifu. Walisema nimekuwa kijana tena. Walisema nina ibada. Nami nilipata raha ambayo mpaka leo sijui kuieleza vizuri. Tumbo tupu lilinirudishia hali ya asubuhi ya kuondoka, begi limefungwa, hujaaga, hujafika kokote. Mkataba ulinifunga mahali pamoja, nami nikawa nasafiri kwa njaa.

Enzi hizo soko kuu la mboga lilikuwa bado Mawaleh. Bibi akichagua bamia, mimi napanda mizani ya kupimia magunia kwa muuza vitunguu mmoja wa Bangladeshi. Alicheka kila wiki, akiniita rafiki kwa Kiarabu. "Sadiki, leo gunia limepungua." Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyepandishwa mshahara.

Nyumbani hakuna aliyeona, kwa sababu tulikula sinia moja: mimi, mtunza bustani, na Ijumaa watoto wa kiume wa Bibi. Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Nilichimbachimba wali upande wangu, nikausukuma kwa jirani. Nyama nilimwekea mtunza bustani. Wakaniona nina adabu.

Mwili haukudanganyika. Nilivaa sweta mwezi wa saba, jua la Maskati likiwaka. Nywele zilibaki kwenye mto. Choo kilikuwa cha siku sita, saba. Kiti cha gari kilinichoma makalio kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha, nikawa nakalia taulo. Usingizi ulinipotea, na nikilala naota sombe.

Bibi ndiye aliyesema wa kwanza. "We Rajabu, nnakuona siku hizi suruali ndiyo inayokuvaa weye."

"Joto tu, Bibi."

"Joto gani, nawe umevaa sweta?"

Wiki mbili baadaye nilizimia nikiwa nimeshika usukani. Nakumbuka taa ya barabarani ikigeuka kijani, na masikio yakijaa mvumo. Gari lilipanda ukingo polepole, likaegemea nguzo. Bibi aligonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, likavimba kama kokwa. Nilipofumbua macho alikuwa ameshika kichwa changu, si chake.

Nililazwa siku kumi. Walipima kifua kikuu, saratani, tezi ya shingo na ukimwi. Hakuna. Daktari, mama wa Kiomani mwenye sauti ya chini, alizungumza Kiarabu, na muuguzi Mkenya aitwaye Achieng akanitafsiria.

"Anasema moyo wako unapiga polepole sana, na madini ya damu yameshuka. Ukiendelea hivi unaweza kulala usiamke. Anauliza, unakula?"

"Nakula."

Daktari akasema neno, Achieng akalileta taratibu. "Anasema haya ni maradhi ya kula. Yanaanzia kichwani, yanamaliza mwili."

Nikacheka. "Hayo si ya wasichana wa kwenye simu?"

"Na wewe, Bwana Rajabu, huna kichwa ama?"

Siku ya kutoka waliniambia kwamba daktari huyo anafanya utafiti wa namna ya kuwatibu watu wazima wenye maradhi haya. Achieng alinisomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari. Ningeweza kuacha wakati wowote na ningetibiwa vilevile. Mwezi wa kwanza kila mgonjwa angeandika daftari la chakula na kupimwa kila Jumapili. Baada ya hapo kura ingetugawa. Kundi moja lingepata ushauri wa kawaida. La pili lingeongezewa mtu wa karibu wa kukaa naye mezani kila mlo. Nikatia sahihi. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi la wagonjwa wa utafiti, nikajifanya nimekuja kuchukua mtu.

Daftari niliandika kwa mwandiko mzuri. "Mchana: sinia la wali na samaki changu, watu wanne." "Usiku: mkate, maharage, samli." Kila neno lilikuwa kweli. Ndicho kilichopikwa. Ni kwamba sikuandika kilichopita kooni.

Jumapili ya tatu uzito ulikuwa umeshuka tena. Daktari alisema ukishuka mara moja zaidi ananitoa kwenye utafiti na kunirudisha wodini. Achieng alibaki nami chumbani, daftari langu mapajani.

"Nisaidie kuelewa. Mtu anakula hivi, na anaisha. Sisi tutaandika kwamba chakula hiki hakimjengi mgonjwa. Si ndiyo?"

Nikavuta mikono ya sweta ikafunika vidole.

"Mimi sikugombezi. Lakini haya maandishi hayabaki hapa. Kuna mtu mahali fulani, hata hajaanza kuugua. Siku moja daktari wake atasoma yale tuliyopata hapa ndio ajue atamfanyia nini. Ukituandikia uongo, yule atatibiwa kwa ugonjwa wa mtu ambaye hayupo."

Kujidanganya mwenyewe nilikuwa nimezoea. Madaktari pia niliwaweza. Lakini huyo mtu asiyejulikana alinishinda. Nilimwona kama utingo mwenzangu, kakaa juu ya mzigo, hajui breki za lori nimezilegeza mimi. Nikaomba kalamu. Kando ya kila mlo nikaandika fungu langu. Matonge matatu. Tonge moja. Hakuna. Hakuna. Ukurasa wa pili nililia. Achieng alitazama dirishani mpaka nikamaliza.

"Asante," alisema. "Sasa tuna mgonjwa."

Kura ilipokuja niliangukia kundi la pili. Wakataka jina la ndugu. Nikasema sina ndugu Maskati. Bibi Zuwena, aliyekuwa amekuja na teksi kwa sababu dereva wake haruhusiwi kuendesha, akawageukia.

"Na mie n'nani hapa, kabati?"

"Bibi, mimi ni mfanyakazi wako."

"Uliponivunja kichwa hukusema weye mfanyakazi. N'takaa mie."

Hivyo nikaondolewa kwenye sinia. Nilipewa sahani yangu, mara sita kwa siku, na Bibi mbele yangu na sahani yake. Kanuni ilikuwa tusizungumze chakula, na nisiinuke kabla ya kumaliza. Wiki za kwanza tumbo lilijaa gesi likauma, miguu ikavimba. Kuna chapati moja ilinichukua saa nzima. Nilimchukia Bibi, na nilimwambia. Akaendelea kutafuna. Aliongea habari za Unguja, za shule aliyoachishwa, za shoga yake aliyeficha maembe mabichi kwenye sidiria. Nami nikamlipa Nampula na Lubumbashi. Ilinichukua muda kuona kwamba naifikia ile miji bila kusafiri kwa njaa.

Sikupona kwa mstari ulionyooka. Mwezi wa tano wa matibabu nilimwaga uji kwenye sinki, Bibi akanisikia. Akakoroga mwingine. Kesho yake niliuandika daftarini, uji na sinki. Mwezi wa nane nilivua sweta. Mwezi wa kumi na moja daktari aliniruhusu kuendesha.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Achieng, na Bibi. Wewe unayesoma, ukiona chakula kimekuwa adui, mwambie daktari kilichopita kooni, si kilichopikwa. Usione aibu kwa kuwa wewe ni mwanamume au kwa kuwa una ndevu za mvi. Na ukimwona mwenzako amekonda, usiharakishe kumpongeza. Keti naye ule.

Mkataba wangu ulipokwisha Bibi alitaka niongeze. Nilikataa, maana mara hii nilitamani kufika mahali, na mahali penyewe ni Tanga. Siku ya kuondoka ilikuwa Ijumaa. Mezani hapakuwekwa sahani yangu. Liliwekwa sinia, nikakaa na mtunza bustani na watoto wa Bibi. Nikala upande wangu, taratibu, nyama na wali, na ukoko uliogandia pembeni.

Bibi alikuja mlangoni akainama kutazama. Mbele yangu bati la sinia lilikuwa linaonekana, upande wangu wote.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Haya, nenda. Na huko kwenu ukifunga, funga zile alizoagiza Mungu, basi."