Injini ya Mwisho ya Omolo

Siku hizi mtu huingia dukani, akaonyesha kidole, akalipa, akatoka na mashine. Omolo asingekuuzia hivyo. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, fundi wa injini za bustani katika duka la Mhindi mmoja, Kanji, karibu na Nakivubo, Kampala. Mimi nilikuwa karani wa duka hilo.

Kanji alikuwa na sheria moja: mashine ya kukatia ua haiuzwi kabla Omolo hajaenda kuuona huo ua. Omolo alipanda baiskeli hadi kwa mteja, akachuchumaa chini ya michongoma, akapima matawi kwa kidole chake cha shahada. Yakizidi unene wa kidole, alisema wazi: "Hapa mama, nunua panga. Mashine itakufa bure." Tulipoteza wateja, lakini hakuna aliyerudi kulalamika. Aliyefaa aliuziwa injini ndogo yenye vichwa vitatu: meno ya kukatia ua, jembe la kupalilia, na pampu ya maji. Unafungua bolti mbili, unabadilisha. Kisha Omolo alikaa naye nusu siku akimfundisha. Utomvu usafishwe kwa mafuta ya taa. Meno yanolewe kwa tupa, upande mmoja tu. Chujio la hewa lioshwe kila wiki. Na petroli isiingie tangini peke yake hata siku moja: vikombe ishirini vya petroli, kikombe kimoja cha oili, kwa sababu injini ile haina mahali pengine pa kupatia oili. Watu walisikiliza. Wakati ule walikuwepo watu wa kusikiliza.

Mwaka 1972 serikali ya kijeshi ilimfukuza Kanji nchini pamoja na Wahindi wenzake, na duka akapewa sajini mmoja, Cleopas. Maafisa rafiki zake walikuja kuchagua mashine, na kila mmoja alitaka yenye kelele kuliko ya mwenzake. Mmoja aliishi kambini, hana hata jani moja la kukata. Baada ya miezi michache zilirudi ndani ya magunia zimekufa, na vipuri havikuwepo nchini. Ikabaki moja, ile aliyoitumia Omolo mwenyewe kuwafundishia watu. Kwa mashine hiyo moja alikata nyua za wakubwa, na duka likawa bado na kazi ya fundi. Ikifa, hana kazi. Na Mkenya asiye na kazi katika Kampala ya miaka ile alikuwa mtu wa kuulizwa maswali.

Siku moja mwaka 1975 Cleopas alimkuta akichanganya petroli na oili, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"We Omolo, nafanya nini na oili yangu?"

"Injini inainywa pamoja na petroli, afande."

Cleopas aliinyanyua injini, akaigeuza juu chini, akatafuta. "Gari yangu iko na mahali ya kutia oili. Iko na kijiti ya kupima. Hii, iko wapi?"

"Haina, afande. Ndiyo sababu tunachanganya."

"Haina mahali ya oili, lakini nakunywa oili." Akawageukia askari wake wawili. "Mnasikia? Kumbe mahali ya oili iko kwa tumbo ya huyu Mjaluo."

Walicheka sana. Makopo yote ya oili yakapakiwa, yakauzwa kwa madereva wa teksi. Omolo akaambiwa kwamba akikutwa tena na oili atahesabiwa mhujumu wa uchumi. Neno hilo halikuwa la mchezo. Watu walichukuliwa nalo wasirudi.

Wiki hiyohiyo Cleopas alipata nyumba kubwa Kololo, akawaalika wakubwa wake chakula cha mchana Jumamosi. Ua wa michongoma ulikuwa haujaguswa miaka miwili. Omolo aliupima kwa kidole, akasema hii ni kazi ya panga.

"Panga ni ya kijijini," Cleopas akamjibu. "Wewe leta mashine."

Ijumaa Omolo alikwenda Katwe kwa Wanyama, mfua vyuma aliyemfahamu, akapata chupa ya soda iliyojaa oili ya magari.

"Ukikamatwa nayo, ulinunua wapi?" Wanyama akamuuliza.

"Niliokota."

"Vizuri. Na mimi sikujui, na mama yako pia simjui."

Jumamosi asubuhi alichanganya nyuma ya jiko la Cleopas. Mimi nilikuwa nimeitwa kupanga viti uani. Injini iliwaka, ikatoa moshi wa buluu, naye akaanza na vitawi vyembamba vya juu. Cleopas akatoka akiwa na fulana ya ndani, akanusa, akaamuru injini izimwe, akafungua tangi.

"Petroli yangu imekuwa chai. Umeuza ngapi, ukajazia uchafu?"

Aliimwaga yote chini. Akajaza petroli tupu kwa mkono wake.

"Washa."

"Afande, nakuomba. Acha nikate kwa panga. Nitamaliza kabla wageni hawajafika."

"Washa."

Askari wa lango alikuwa amesogea na bunduki yake. Omolo akavuta kamba. Injini ikaunguruma safi, bila moshi hata kidogo, na Cleopas akatabasamu. "Unasikia? Sasa hii napumua."

Omolo akapunguza moto ili injini izunguke polepole, akawa anagusa majani tu ili aivushe hadi mwisho. "Fungua moto yote!" Cleopas akafoka. Omolo akafungua. Alikwenda hatua kumi na moja, nilizihesabu. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikakatika. Alipovuta kamba tena, haikutoka.

Nilidhani atapigwa. Cleopas aliitazama tu. "Takataka ya Wahindi. Maliza na panga." Akaingia ndani kuoga.

Jumatatu Omolo aliifungua mezani kwangu. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda, imekwaruzika upande mzima. "Ni mimi niliyevuta kamba," alisema. Nikamwambia hakuwa na la kufanya.

Saa nne Cleopas aliniamuru niandike barua kwamba fundi Omolo ameharibu mashine ya duka kwa uzembe, na ameachishwa kazi. Niliiandika. Omolo aliisoma mara mbili, akaniambia nimesahau namba ya injini. Akainama, akaifuta kwa kitambaa, akanisomea tarakimu moja moja hadi nilipomaliza kuziandika. Kisha akatia sahihi.